Tosti ya Asubuhi: Mkate Mayai, Avokado ama Ile ya Blue Band?

Haya wasee, kabla hujamaliza hiyo chai tuamue hii kitu mara moja. Tosti gani ndio tosti? Uliza mbogi yako hilo swali asubuhi uone vile watu wazima, wenye kazi na vitambulisho, wataanza kutupiana maneno juu ya mkate.

Tuanze na ile karibu kila mtu wa mtaa amekulia. Mkate mweupe, pani juu ya meko, Blue Band, chai ya maziwa kando. Hakuna tosta, hakuna mbwembwe. Hapa kuna makundi mawili ambayo hayataelewana hata yakikalishwa na mpatanishi: wanaopaka Blue Band kabla ya kuchoma, na wanaopaka baada. Ukipaka kabla, mafuta yanaingia kwa mkate, inatoka na rangi ya dhahabu na ukiuma inalia kra-kra mpaka jirani wa bedsitter ya kando anaskia. Ukipaka baada, unapata mkate mkavu wenye mafuta yamelala juu kama mgeni. Ushajua mimi niko wapi.

Halafu kuna mkate mayai. Hii ndio bingwa, na kabla uanze kelele, niskize. Mayai mawili, maziwa tone, chumvi, na kama uko na nguvu unakatia kitunguu na dhania. Mkate unaingia pande zote mbili, unatua kwa pani. Siri iko kwa mkate wenyewe: usitumie ule wa leo. Mkate fresh ni laini sana, ukiuchovya unakuwa uji kwa mkono. Wa jana ama juzi umekauka kidogo, kwa hivyo unanyonya yai na bado unasimama. Ufaransa wanaiita pain perdu, yaani mkate uliopotea. Sisi hatukupoteza mkate, tuliuficha juu ya kabati usimalizwe na kina kaka.

Kwa hivyo ile siku mwezi iko kona na umebaki na slaisi nne ngumu kama mbao na yai moja, hiyo sio shida, hiyo ni breakfast. Tosti ya Blue Band haiwezi kukuokoa hapo. Slaisi ngumu ukiichoma inakuwa ngumu zaidi, unaitafuna ukikumbuka KDF.

Avokado nayo? Manze hii kesi imechafuliwa na watu wa nje. 2017 tajiri mmoja wa Australia, Tim Gurner, alisema yeye akitafuta nyumba yake ya kwanza hakuwa ananunua tosti ya avokado ya dola 19. Dunia nzima ikawaka, vijana wakaambiwa hawana nyumba juu ya matunda. Hiyo stori ukiileta Nairobi inakufa hapo hapo. Huku avokado inatoka Murang'a, mama mboga anakuchagulia akikuuliza ni ya leo ama ya kesho, na hakuna landlord amewahi kushuka bei juu uliacha kuikula. Ponda na uma, chumvi, ndimu, pilipili, weka kwa tosti. Fiti sana. Lakini ukiipata kwa kafe huko Westlands imewekwa mbegu tatu juu na bei ya mia kadhaa, jua unalipia kiti na WiFi. Avokado ni ile ile ya mama mboga.

Watu wa Mombasa nao mjadala huu wanauangalia tu wakicheka. Wao wana boflo, na boflo ikitoka bekari na joto lake haihitaji kuchomwa mara ya pili. Unaichana kwa mkono, unachovya. Sitabishana nao juu kwa mambo ya kifungua kinywa Pwani walitushinda kitambo, na hata hatujagusa mahamri na mbaazi.

Sasa, kuna wale husema tosta inakula tokeni. Acheni uongo. Tosta ya wati 900 ikiwaka dakika tatu inatumia yuniti 0.045. Hata ukihesabu yuniti moja kwa Sh30, hiyo ni Sh1.35. Tokeni zako zinaliwa na kitu ingine, angalia koili ya kuoga. Shida ya tosta ni kwamba haiwezi kupika yai, na stima ikipotea umebaki na sanduku la chuma.

Bei ya ukweli iko kwa mkate wenyewe, na hapa ndio stori inaacha kuwa ya mchezo.

Kumbuka 2024. Mswada wa Fedha ulikuja na pendekezo la kuweka VAT ya asilimia 16 kwa mkate wa kawaida. Mkate wa gramu 400 wakati huo ulikuwa karibu Sh65 dukani. Piga hesabu: Sh10.40 juu yake, na dukani hakuna mtu hukurudishia senti, kwa hivyo weka Sh75 na zaidi. Kama wewe na roommate mnamaliza mkate mmoja kila siku mbili, hiyo ni mikate 15 kwa mwezi, Sh156 zimeenda. Hizo ni kama mayai kumi. Yaani serikali ilikuwa inakuja moja kwa moja kwa mkate mayai wako.

Juni 18, siku ile vijana walianza kuingia tao, mwenyekiti wa Kamati ya Fedha, Kuria Kimani, alitangaza kwamba VAT ya mkate imeondolewa. Wengi walidhani hapo watu watarudi nyumbani wakunywe chai. Haikuwa hivyo. Juni 25 ikafika, waandamanaji wakaingia Bunge, kuna vijana walipigwa risasi na hawakurudi nyumbani, na siku iliyofuata Rais Ruto akasema hatatia saini mswada. Mkate ulikuwa sababu moja kati ya nyingi, lakini ndio ile kila mtu alielewa bila kufafanuliwa na wakili.

Kitu ya kukaa macho nayo ni maneno. Mkate wa kawaida uko na VAT ya asilimia sifuri. Maana yake bekari haikutozi, na pia inadai KRA irudishe VAT iliyolipa kwa stima, karatasi za kufungia na mashine. Kuna neno lingine kwa sheria: kusamehewa. Inaskika tamu hata kushinda sifuri, si ndio? Lakini bidhaa ikisamehewa, bekari haiwezi kudai kitu. Ile VAT iliyolipa inabaki kwa mgongo wake, na unajua ni nani ataitwa kuisaidia kubeba. Siku utaskia bidhaa imetolewa kwa sifuri ikapelekwa kwa kusamehewa, usipige makofi bado.

Na hata ushuru ukiachwa hivyo, ngano nyingi tunayokula inatoka nje. Ile ya Narok, Nakuru na Uasin Gishu haitoshi. Februari 2022 Urusi ilipovamia Ukraine, nchi mbili tunazonunua ngano kwao ziliingia vitani, na mkate hapa mtaani ukapanda. Hukuwa na ugomvi na mtu huko, lakini ulilipa.

Hata siasa yetu tunaisomea kwa mkate. Baada ya maafa ya uchaguzi wa 2007, Kibaki na Raila walitia saini mkataba Februari 28, 2008, wakagawana serikali, na Wakenya wakaiita nusu mkate. Jina lilishika juu kila mtu ashawahi kutumwa dukani aletewe nusu, akaona muuzaji akikata na kisu, akachunguza kama ni nusu kweli.

Turudi kwa pani. Kura yangu ni mkate mayai, wa jana, na pilipili kidogo. Lakini kuna kesi moja sijaona ikiamuliwa nyumba yoyote: zile slaisi mbili za mwisho, zenye mgongo mgumu, ambazo kila mtu huruka mkono ukienda katikati. Choma moja na Blue Band kabla, moto mdogo, halafu uniambie kwa nini umekuwa ukizitupa.