Mbegu na dawa ya magugu kutoka Kariakoo: umwambie nini unayemwagiza?

Msimu ukikaribia, simu nyingi kutoka vijijini huelekea Dar es Salaam: "Ninunulie mbegu ya mahindi na dawa ya magugu hapo Kariakoo, uniwekee kwenye basi." Maduka ya pembejeo kuzunguka soko hilo yanauza vyote viwili. Lakini agizo la namna hiyo halijatosha, na hasara yake huonekana shambani.

Dawa ipi?

Glaifosati, ambayo kwenye lebo huandikwa glyphosate, hukausha karibu kila mmea unaoguswa na dawa, mahindi yakiwamo. Hupigwa kabla ya kupanda, magugu yakiwa yameshaota. Huenda umeona kwenye simu video ya Marekani, trekta likipiga dawa hiyo juu ya mahindi mabichi na yasife. Mahindi yale yamebadilishwa vinasaba ili yaistahimili. Tanzania haijaruhusu mbegu hizo kwa wakulima. Hata majaribio ya mahindi ya GMO yaliyokuwa Makutupora, Dodoma, yakilenga ukame na wadudu, Serikali iliyasimamisha mwaka 2018. Ukiiga video hiyo, utaua shamba lako mwenyewe.

Atrazini huacha mahindi salama, ila huua maharage. Dawa ya 2,4-D huua magugu ya majani mapana na kuacha nyasi; maharage na maboga nayo huungua. Kwa aliyechanganya mazao, jembe bado ndilo la uhakika: palizi ya kwanza wiki ya pili au ya tatu, kisha shamba libaki safi mpaka kama wiki ya sita.

Kiduha ni suala jingine. Kinapochomoza juu, tayari kimeshanyonya mizizi ya mahindi, na mbegu zake hukaa ardhini zaidi ya miaka 10. King'oe kabla hakijatoa mbegu, na msimu unaofuata panda karanga au soya.

Mbegu ipi?

Staha na TMV-1 ni za nyanda za chini. TMV-1 pia huvumilia ugonjwa wa milia. H614 ni ya nyanda za juu na hukaa shambani karibu miezi sita. Ukiipanda Pwani wakati wa vuli, mvua itakatika mahindi hayajakomaa.

Kabla ya kutuma pesa

Mtajie jina la mbegu, si "mbegu nzuri". Mwambie kama unachanganya mazao. Mbegu iwe kwenye mfuko uliofungwa, wenye lebo ya TOSCI, taasisi inayothibiti ubora wa mbegu. Dawa iwe kwenye chupa yake, isiyomiminwa kutoka chombo kingine. Akupigie picha lebo zote kabla ya kulipa, na risiti aitume pamoja na mzigo. Bila risiti na mfuko, mbegu zikigoma kuota hutakuwa na pa kuanzia kudai.