Nani Anakata Shilingi ya Dereva?

Boti kutoka Kagunga na Mwamgongo zikifika hapa Kibirizi, vijana wa bodaboda huteremka hadi ukingoni mwa maji kugombea abiria na madumu yao ya mawese. Juma lililopita tulikaa na vijana hao chini ya mwembe. Wenzao walioko Dar es Salaam wamewasimulia habari za magari na pikipiki ziitwazo kwa programu ya simu, nao wakatuuliza: jambo hili litufae au tulikatae?

Twasema wazi kwamba hatuichukii simu. Abiria ajuaye nauli kabla ya kupanda haonewi, na mama asafiriye usiku ni afadhali alijue jina la dereva wake. Wako madereva wa teksi waliozoea kumtajia mgeni bei kwa kumtazama viatu.

Lakini tazameni jinsi kampuni hizi zinavyokua. Uber ya Marekani ilifika Dar es Salaam mwaka 2016. Taxify ya Estonia, ambayo baadaye iliitwa Bolt, ikafuata mwaka 2017. Kwanza nauli hushushwa na dereva huongezewa fedha, yote kwa mtaji wa matajiri wa mbali. Dereva hukopa gari. Abiria naye hukisahau kituo cha teksi. Watu wakiisha kuzoea, nyongeza hupungua, makato hubaki. Serikali ikidai leseni, kampuni hujibu kwamba kazi yake si usafiri, ni kuunganisha watu tu. Mahakama ya Haki ya Ulaya iliikataa hoja hiyo ya Uber Desemba 2017.

Kwetu, madereva walilalamikia makato, na mwaka 2022 mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, ikaamuru yasizidi asilimia 15, yaani senti 15 katika kila shilingi. Aprili Uber ikasimamisha kazi. Agosti Bolt ikabaki na wateja wa makampuni tu. Desemba mwaka ule ule kikomo kikapandishwa hadi senti 25, na Januari 2023 Uber ikarudi. Hesabu yake hata mtoto wa darasa la nne aiweza: katika safari ya shilingi 10,000, ruhusa ya kukata ilitoka 1,500 ikawa 2,500.

Hatuilaumu LATRA kwa kujaribu. Ila kampuni yenye mtaji yaweza kungoja miezi minane. Mwenye deni la gari hawezi kungoja siku tatu. Dereva alikuwa na gari, ujuzi na sheria upande wake, lakini njia ya kuitwa na abiria ilikuwa mali ya mwingine, na mwingine huyo alipoifunga, mabishano yakaisha.

Sasa turudi Kibirizi. Pikipiki nyingi hapa ni za mkataba. Jioni hutoka kwanza hesabu ya mwenye chombo, halafu petroli, ndipo unga wa nyumbani. Akiongezeka mwenye kudai senti 25, ni unga utakaopungua.

Kwa hiyo twawaambia vijana waanzishe ushirika wao mapema: namba moja ya simu ya kuitia bodaboda, na ubao wa nauli ufukweni, kutoka hapa hadi Mwanga, Ujiji na hospitali ya Maweni. Kampuni ikija, izungumze na ushirika, si na kijana mmoja mmoja. Watakaosema hawaaminiani wanayo sababu. Daftari la kijiwe kimoja lilipotea pamoja na mweka hazina wake. Basi fedha ziwekwe benki, na watu watatu watie sahihi.

Jumamosi, boti zikiisha kuondoka, tutakuwa pale pale chini ya mwembe na daftari jipya. Kila dereva aje na namba yake ya simu, na nauli anayoiona ya haki hadi Mwanga.