Mayahudi wa Fustat na Mihadhara Yetu

Katika mihadhara yetu hapa Pwani Mayahudi hutajwa sana, lakini kwa mambo mawili tu: habari za Bani Israili zilizomo katika Kurani, na dhulma wanayofanyiwa ndugu zetu wa Palestina. Yote mawili yana haki ya kusemwa. Ila kati ya Nabii Musa na mwaka 1948 pana karne nyingi tusizozigusa, na katika karne hizo Mayahudi wengi walikaa katika miji ya Waislamu, lugha yao ikiwa Kiarabu.

Mhadhiri atakaye pa kuanzia na aanze Fustat, Cairo ya kale. Katika sinagogi la Ben Ezra palikuwa na chumba cha kuwekea makaratasi makuukuu, maana kwa Mayahudi karatasi yenye jina la Mungu haitupwi jaani. (Nani kati yetu aliyelelewa chuoni asiyelijua katazo hilo?) Mwaka 1896 mwanachuoni Solomon Schechter alikwenda huko, na vipande zaidi ya 190,000 vikaishia Chuo Kikuu cha Cambridge. Si mambo ya dini peke yake. Mna hati za ndoa, madeni na barua za biashara. Nyingi ni Kiarabu kwa herufi za Kiebrania, kama wazee wetu walivyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Hata "inshallah" imo.

Mle twamkuta Abraham Ben Yiju wa Mahdia, Tunisia, aliyekaa Mangalore, Bara Hindi, miaka ya 1130 na 1140. Alikuwa na karakana ya vyombo vya shaba. Akipeleka Aden chuma, pilipili manga na iliki, na Madmun bin Hasan akimletea sukari, zabibu na karatasi. Madmun huyo, mkuu wa Mayahudi wa Aden, alishirikiana na liwali Muislamu, Bilal bin Jarir, katika chombo cha kwenda Ceylon. Ni bahari yetu hii hii, na kusi na kaskazi zetu hizi hizi.

Si kwamba mambo yalikuwa mema siku zote. Mayahudi walitozwa jizya, na jamaa ya Musa bin Maymun iliihama Cordoba kwa dhulma ya Almohad. Ndipo yeye akaja Fustat, akawa tabibu wa al-Afdal, mwana wa Salahuddin. Hayo nayo yasemwe.

Wapo watakaonung'unika kuwa huku ni kuisahau Palestina. Sioni hivyo. Kijana asiyeijua historia hii ndiye atakayedhani kuwa ugomvi wa ardhi ni uadui wa dini uliokuwapo tangu azali. Jioni moja baada ya Isha yatosha kuanza, na ajuaye Kiarabu vyema apewe zile barua atufasirie.