Karanga za Nachingwea na Mlango wa Maabara

Ng'oa shina la karanga shambani Nachingwea mvua zikiwa bado zinanyesha, ulikung'ute udongo. Mizizini utakuta vinundu vidogo kama punje za mtama. Kipasue kimoja kwa ukucha: ndani kukiwa na wekundu wa waridi, ujue bakteria waliomo wanavuta naitrojeni kutoka hewani na kuulisha mmea. Angalia pia vikonyo vinavyoelekea chini. Ua la karanga huchanua juani, kisha kikonyo chake huzama ardhini na tunda likakomaa gizani. Mwanafunzi asiyeona anaweza kuvihesabu vinundu hivyo kwa vidole na kukifuata kikonyo hadi kwenye ganda. Kitu pekee atakachomuuliza mwenzake ni rangi.

Naanza na shina hilo kwa sababu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga kampasi ya kilimo mkoani Lindi, mkoa wenye wilaya ya Nachingwea, kupitia mradi wa elimu ya juu wa HEET ulioanza mwaka 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 kwa nchi nzima. Mjadala mwingi ni wa majengo na vifaa. Mimi naona swali zito zaidi ni nani atakayefundishwa humo, na kwa namna gani.

Wapo wasemao kwanza utafiti uimarike, habari ya ujumuishi itafuata fedha zikipatikana. Hoja hiyo ina uzito, maana hadubini ni ghali na wahadhiri ni wachache. Lakini Nachingwea ina kumbukumbu yake. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulikagua ardhi ya Tanganyika kwa wiki chache, sehemu kubwa kutoka angani, na mwaka uliofuata serikali ya Uingereza ikaanzisha mashamba makubwa ya karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Reli ikajengwa kutoka Mtwara. Kongwa udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kama saruji, mvua zikakatika, na kufikia 1951 mpango ulikuwa umeachwa baada ya mamilioni ya pauni kuteketea. Fedha na matrekta vilikuwepo. Kilichokosekana ni majaribio madogo ya kutosha, na masikio ya kumsikiliza mkulima aliyeijua mvua ya kwao.

Miongo kadhaa baadaye, watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele walitoa mbegu ya karanga inayoitwa Nachingwea 2009. Jina la wilaya likaingia kwenye orodha ya mbegu bora. Watoto wa wilaya hiyo je, wameingia kwenye orodha ya watafiti?

Hapo ndipo lugha inapobana. Mtoto wa Ruangwa, wilaya jirani, husoma sayansi kwa Kiswahili hadi darasa la saba, na akifika kidato cha kwanza biolojia inageuka Kiingereza. Kinundu anakijua, amekishika tangu utoto kila alipokwenda palizi na mama yake, ila kwenye karatasi ya mtihani ujuzi huo hauna jina. Kampeni ya maabara ya 2014 na 2015 ilisimamisha majengo katika shule za kata, jambo jema, na ufadhili wa masomo wa Rais Samia ulioanza 2022 unawabeba waliofanya vizuri zaidi kidato cha sita. Aliyekwama kidato cha pili kwa sababu ya lugha hafikiwi na ufadhili huo.

Sisemi Kiingereza kitupwe. Majarida ya sayansi yameandikwa kwa lugha hiyo, na mwanafunzi atakihitaji. Nasema mwaka wa kwanza wa biolojia chuoni uruhusu maelezo ya mdomo kwa Kiswahili, kwa kuwa istilahi zipo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu 1990. Wanafunzi viziwi wawekewe mkalimani wa lugha ya alama hadi shambani, si ukumbini tu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 imekwisha kuwapa haki ya kusoma. Na vitalu vya majaribio vigawanywe, vingine viwe Ruangwa na Nachingwea, wanafunzi wakae huko msimu mzima, tangu kupanda hadi kuvuna, pamoja na wanawake wanaochagua mbegu kwa mkono kila mwaka na wanaojua ipi ilistahimili ukame.