MLANGO WA TAJIRI UNA CHEKECHE

Dhahabu ya Nyamongo, katika kata ya Matongo wilayani Tarime, haiombi viza. Tangu mgodi wa North Mara uanze uzalishaji mwaka 2002, madini hayo yamekwenda ng'ambo bila kuulizwa yamesoma hadi darasa la ngapi. Mwana wa Matongo akitaka kuifuata dhahabu hiyo inakokwenda, huulizwa elimu yake, akiba yake na tarehe ya kurudi kwake.

Wengi wetu tumezoea kusema kwamba nchi tajiri zimefunga milango. Kauli hiyo ni nusu ya ukweli. Sera ya uhamiaji ya nchi tajiri si kufuli, bali ni chekeche. Huchagua apite nani, lini, na kwa masharti gani. Tena chekeche hilo haliamui tu nani ataingia kwao. Huamua pia nani ataondoka kwetu, na huyo aliyeondoka kama atarudi ama hatarudi.

Historia ya Afrika Mashariki inatoa ushahidi ulio wazi. Mwaka 1962 Uingereza ilitunga sheria ya kuwazuia raia wa Jumuiya ya Madola wasiingie nchini humo kwa uhuru kama zamani. Kabla ya sheria hiyo kuanza kutumika, watu walikimbilia Uingereza kwa wingi ili wawahi mlango kabla haujafungwa. Jambo hilo hilo likarudiwa miaka michache baadaye. Mwaka 1967 Kenya iliweka sheria mpya ya vibali vya kazi kwa wasio raia, na maelfu ya wakazi wenye asili ya Asia, waliokuwa na pasi za Uingereza, wakaanza kuondoka. Uvumi ulipoenea kwamba London itawafungia njia, waliokuwa bado wanasitasita nao wakafunga mizigo. Kwa siku chache tu, Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya mwaka 1968, iliyomtaka mwenye pasi aonyeshe kwamba yeye, au mzazi wake, au babu au bibi yake, alikuwa na asili katika nchi hiyo. Basi pasi ikawa karatasi tu. Kilichohesabiwa ni ukoo. Jambo la kuzingatia ni hili: sheria iliyokusudiwa kuzuia watu ndiyo iliyowaharakisha.

Ujerumani Magharibi nayo ilipata funzo la namna yake. Mwezi Novemba 1973 ilisimamisha uandikishaji wa vibarua kutoka Uturuki na nchi nyingine. Wengi waliokuwa wakidhani watarudi makwao walitambua kwamba wakitoka hawataruhusiwa kuingia tena. Wakabaki, wakaita wake na watoto wao. Mlango uliofungwa uliwafungia ndani wageni ambao wenyeji walitaka waondoke.

Msomaji wa Tarime hahitaji kwenda Ulaya ili aelewe jambo hili. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walichora mstari kutoka pwani, ukazunguka Kilimanjaro, hadi ufuko wa mashariki wa Ziwa Viktoria. Mstari huo uliwagawa Wakuria. Leo Wairege na Wanyabasi wako Tanzania na wako Kenya pia. Hata hivyo, mtu huvuka Sirari kwenda Isebania asubuhi kuuza au kununua, na jioni yumo nyumbani kwake. Hana haja ya kuhamia huko, kwa kuwa anajua kesho atapita tena. Palipo na njia ya kurudi, kwenda hakumtishi mtu, na kurudi hakumgharimu kitu.

Sasa tazama jinsi taifa la mbali linavyoweza kuukoleza wino wa mstari huo. Kwa sheria ya mwaka 1990 Marekani ilianzisha bahati nasibu ya viza, hadi viza 55,000 kwa mwaka, kwa nchi zinazopeleka huko wahamiaji wachache. Tarehe 31 Januari 2020 Rais Donald Trump alitoa tangazo lililowaondoa Watanzania na Wasudani katika bahati nasibu hiyo. Wakenya hawakuguswa. Mkuria wa Isebania akawa anaweza kushinda na kwenda, na ndugu yake wa Matongo hawezi, ingawa lugha ni moja na mizimu ni ile ile. Rais Joe Biden alilifuta tangazo hilo tarehe 20 Januari 2021. Mwezi Desemba 2025 Tanzania ikaingizwa tena katika orodha ya nchi zilizowekewa vikwazo, na Kenya haikutajwa. Kijana aliyejenga maisha yake juu ya karatasi hiyo amejenga juu ya mchanga, na anayeusogeza mchanga huo hamfahamu wala hamuulizi.

Liko jambo zito zaidi. Chekeche hilo halipitishi pumba, hupitisha punje. Kinachotakiwa ni muuguzi, daktari, mhandisi na mwalimu, yaani wale waliosomeshwa kwa jasho la wakulima na wafugaji ambao wengi wao hawatavuka hata Namanga. Shirika la Afya Duniani lilipitisha mwaka 2010 kanuni za uandikishaji wa watumishi wa afya kutoka nchi nyingine, na Tanzania imo katika orodha zake za mwaka 2020 na 2023 za nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi hao. Uingereza imekubali kutokwenda kuwatafuta watumishi katika nchi za orodha hiyo, lakini muuguzi akiomba kazi mwenyewe, mlango uko wazi. Kwa hiyo kanuni inamfunga mwajiri mikono, lakini haimfungi mfuko.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kuwazuia vijana wetu wasitoke. La hasha. Mtu si mali ya serikali, na muuguzi anayekaa miaka bila ajira hawezi kuitwa msaliti kwa kutafuta riziki. Tukijenga ukuta wetu tutawafungia nje waliokwisha kwenda, kama Wajerumani walivyowafungia ndani wageni wao.

Yatupasa kudai mambo matatu. Kwanza, mikataba ya ajira inayomruhusu mtumishi kwenda, kurudi na kwenda tena bila kupoteza haki zake. Pili, nchi inayomchukua mtaalamu ichangie gharama za chuo kilichomfundisha. Tatu, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambazo Itifaki yao ya Soko la Pamoja imekuwa na nguvu tangu Julai 2010, zijadiliane na matajiri kwa sauti moja, ili asiwepo atakayefunguliwa huku jirani yake akifungiwa.

Nanyi walimu, mwanafunzi anapowauliza habari za viza, msimcheke wala msimdanganye. Mwelezeni kwamba nchi tajiri inapofungua mlango inatafuta haja yake yenyewe, na haja hiyo ikitimia mlango hufungwa. Nanyi watumishi wa serikali mnaoketi katika meza za mazungumzo, kumbukeni kwamba dhahabu ya Matongo ikishatoka hairudi tena. Mwana wa Matongo anaweza kurudi, iwapo mtamwekea njia.