Herufi "K" isiwahangaishe wanunuzi wa kompyuta

Mnunuzi anayeingia katika maduka ya kompyuta katikati ya jiji la Nairobi siku hizi hukabiliwa na swali ambalo wengi hawana jibu lake: je, anataka prosesa iliyofungwa au iliyofunguliwa? Neno "kufungwa" lenyewe humtia hofu. Nani angependa kutoa fedha alizozichuma kwa jasho kununua kitu kilichofungwa? Basi huongeza maelfu kadhaa ya shilingi, akaondoka na ile iliyofunguliwa, na kufuli hiyo asiiguse hadi siku kompyuta itakapomfia.

Yafaa ieleweke kwanza ni kitu gani hasa kinachofungwa. Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, na kasi yake hupatikana kwa kuzidisha mapigo ya saa ya ubao mama, ambayo kwa kawaida ni megahatsi 100. Ukizidisha mara 44, unapata gigahatsi 4.4. Iliyofungwa haimruhusu mwenyewe kukipandisha kizidishi hicho kupita kikomo cha kiwanda. Ni hilo tu. Haina maana kwamba ni nzito wala kwamba imelala. Core i5-12400 ya kampuni ya Intel, iliyotoka mwaka 2022, huanzia gigahatsi 2.5 na kupanda yenyewe hadi 4.4 kazi inapokuwa nzito, bila ya mtu kugusa chochote.

Sitetei kufuli. Katika miaka ya tisini walikuwapo matapeli waliokuwa wakifuta maandishi juu ya prosesa za bei nafuu, wakaandika kasi kubwa zaidi, kisha wakaziuza kwa bei ya juu. Kufunga kizidishi kuliwazuia, na hapo Intel ilikuwa na hoja. Lakini mwaka 2010 kampuni hiyo hiyo ilianza kuuza prosesa zilizofunguliwa zenye herufi "K" kwa bei ya juu zaidi. Mwaka huo huo ilijaribu kumuuzia mnunuzi wa Pentium G6951 kadi ya dola 50 za Marekani, yenye namba ya siri ya kufungulia sehemu za prosesa ambayo tayari alikuwa ameinunua! Huko ni sawa na kuuziwa nyumba, kisha ukadaiwa kodi ya chumba kimoja. Mpango huo haukudumu.

Mpinzani wake, AMD, alishika njia nyingine. Tangu mwaka 2017 prosesa zake za Ryzen za kompyuta za mezani zimekuwa wazi, isipokuwa chache kama 5800X3D ya mwaka 2022. Kwa hivyo anayependa kuchezea kasi ana pa kwenda bila kulipia herufi.

Kinachonikera ni jinsi mnunuzi wa Intel asivyoelezwa gharama nzima. Ili kizidishi cha "K" kipandishwe, sharti ubao mama uwe wa aina ya Z, kama vile Z690. Nimeona duka moja likimuuzia kijana prosesa ya "K" pamoja na ubao wa H610, ambao hauruhusu jambo hilo kabisa. Vile vile, i5-12400 ya katoni huja na feni yake, ilhali i5-12600K huja bila feni. Kuiharakisha prosesa kupita kipimo cha kiwanda huweza pia kubatilisha dhamana. Tena kuna umeme. Ile ya kwanza hufikia wati 117 inapojitahidi mno, na ya pili wati 150. Tofauti ya wati 33 ni ndogo nyumbani, lakini mwenye saiba ya kompyuta 20 atapata hadi wati 660 za ziada iwapo zote zitafanya kazi kwa nguvu zao zote, na kila wati hugeuka joto humo humo chumbani. Wenzetu wa Mombasa hawahitaji kuelezwa maana yake. Shule na ofisi hazina sababu ya kununua "K". Heri fedha hizo ziongeze memori, au zinunue kifaa cha kuhifadhi umeme unapokatika.

Lakini hapa pana mtego ambao wauzaji hawautaji, na pengine wenyewe hawaujui. Kwa kawaida Intel huifungasha ile kufuli pamoja na mambo mengine. Hiyo i5-12600K ina viini 10, ilhali i5-12400 ina 6. Mpwa wangu hujitafutia riziki kwa kuhariri video za harusi, na kazi hiyo hugawanywa miongoni mwa viini vyote. Saa anazookoa ni harusi nyingine anayoweza kuipokea. Aliponiuliza, nilimwambia alipie viini na asahau habari ya kufuli. Ameinunua hiyo ya "K", na kasi yake ameiacha vile vile ilivyotoka kiwandani.