KWA NINI NDEGE NDOGO HUTUMIA BETRI?



Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu. Unapita Jangwani, karibu na soko la Kariakoo, kisha unaingia Bahari ya Hindi. Mvua ikizidi, mto hufurika. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu na kubomoa nyumba nyingi bondeni.

Ili tujue maji yatapita wapi, tunahitaji ramani. Mwaka 2015 kazi ya Ramani Huria ilianza Dar es Salaam. Wanafunzi wa vyuo na wananchi walichora ramani za mitaa yao. Ndege ndogo zisizo na rubani, yaani droni, zilipiga picha kutoka juu. Aina moja iliyotumika ina uzito wa gramu 700 hivi. Ni nyepesi kuliko kilo moja ya sukari. Inatumia betri, na haikai angani zaidi ya dakika 50 hivi.

Utauliza: Mbona isitumie petroli, ikae angani muda mrefu zaidi?

Swali hilo ni zuri. Kilo moja ya petroli ina nguvu zaidi ya mara 50 ya kilo moja ya betri. Tena petroli hupungua safarini, na ndege huzidi kuwa nyepesi. Ni kama kibuyu cha maji: kila unapokunywa, mzigo unapungua. Betri ni kama jembe begani. Ikiwa imejaa au imekwisha, uzito wake ni ule ule.

Lakini petroli haiendi peke yake. Inataka injini ya chuma, tangi na mipira ya kupitisha mafuta. Vitu hivyo ni vizito mno kwa ndege ya gramu 700. Tena injini hupoteza sehemu kubwa ya nguvu kwa joto. Injini pia hutetemeka, na picha huweza kuharibika. Mota ya umeme ni ndogo, ni nyepesi na haipigi kelele nyingi.

Jambo la pili ni mizani. Mafuta yakipungua, mizani ya ndege inaweza kubadilika. Kwa hiyo tangi huwekwa karibu na katikati. Betri ukiifunga vizuri mahali pake, mizani haibadiliki. Mpagazi wa Kariakoo anajua jambo hili: mzigo ukikaa upande mmoja, mkokoteni hupinduka. Ndege ikikosa mizani huanguka, na chini kuna watu.

Basi, kwa safari fupi na mzigo mdogo, betri inafaa. Mwaka 2018 droni ya betri ilijaribiwa kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe. Iliruka kilometa 60 kwa dakika 40. Iliweza kubeba kilo 4. Kwa safari ndefu na mzigo mkubwa, mafuta bado yana nafasi yake.

Kumbuka: Usirushe droni bila kibali. Ulizia kwanza kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Maswali ya kujadili:
1. Kwa nini betri iliyokwisha haipunguzi mzigo?
2. Kijijini kwenu maji ya mvua hupita wapi? Choreni ramani pamoja.